Mgeni wa Mlangoni Naye Apewe Jembe

Kila mwaka ifikapo tarehe 31 Oktoba, mitaa mingi ya Marekani hubadilika sura. Mbele ya nyumba huwekwa maboga yaliyochongwa macho na meno, yakatiwa mshumaa ndani. Uani husimamishwa mizimu ya vitambaa na mifupa ya plastiki, na mwaka 2020 duka moja kubwa lilianza kuuza mifupa ya mtu yenye urefu wa futi 12, ikagombaniwa na wanunuzi. Watoto huvaa vinyago na kwenda mlango kwa mlango wakiomba peremende. Sikukuu hiyo, iitwayo Halloween, ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Asili yake ni mila za kale za Ireland na Scotland, na wahamiaji kutoka Ireland ndio walioieneza Marekani katika karne ya 19. Mwaka 2023 wafanyabiashara wa huko walikadiria kwamba wananchi wao wangetumia zaidi ya dola bilioni 12 kwa ajili ya usiku huo mmoja.

Hatuandiki haya ili kuwashawishi wananchi wetu wachonge maboga. Boga letu ni la kupikwa, na mizimu yetu ina heshima zake. Wala hatuandiki ili kuwacheka Wamarekani, kwa kuwa kila taifa lina michezo yake. Linalotushughulisha ni jambo moja lililomo ndani ya desturi hiyo, ambalo linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Mtu akiipamba nyumba yake vizuri kupita kiasi, watu huja kuitazama. Leo huja jirani, kesho huja mtaa wa pili, mwakani huja mji mzima na magari yao. Mtaa wa makazi hugeuka uwanja wa maonyesho. Mwenye nyumba hufurahi kusifiwa, lakini jirani yake hapati njia ya kuingia kwake, mgonjwa hapati usingizi, na alfajiri takataka huachiwa wenyeji wazoe. Hapo ndipo linapozuka swali: umati ulioitwa na uzuri wa nyumba ya mtu, mwenye dhamana nao ni nani?

Upo mji mmoja wa Marekani ambao umelikabili swali hili kwa miaka mingi, nao ni Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1692 watu wa mji huo na vijiji vya jirani walishikwa na hofu ya uchawi. Watu 19 walinyongwa na mmoja aliuawa kwa kukandamizwa na mawe, wote bila ya hatia. Leo sifa hiyo ya huzuni ndiyo inayovuta wageni. Tangu mwaka 1982 mji huo umekuwa na tamasha lake la Oktoba, na katika miaka ya karibuni zaidi ya watu milioni moja wamekuwa wakiuzuru mwezi huo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, wakazi wenyewe walikuwa 44,000 na ushei. Wakuu wa mji wamelazimika kufunga baadhi ya barabara, kuongeza polisi, na kuwasihi wageni waje kwa treni badala ya magari. Maduka na mahoteli huvuna. Mkazi ambaye hana duka wala hoteli huvumilia tu. Wanaofaidika na wanaotaabika si watu wale wale, na hilo ndilo fundisho la kwanza.

Msomaji wetu wa Visiwani atauliza: Salem kuna nini nasi? Tunamjibu kwamba Unguja na Salem ni marafiki wa zamani. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said. Mwaka 1837 Marekani ilifungua ubalozi mdogo Unguja, na balozi wake wa kwanza alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Jahazi za watu wale zilipakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, nazo zikashusha kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani.

Na msomaji huyo akiendelea kuuliza, watu wa Kwakoa nao wana nini na mambo ya Unguja, jibu liko katika njia ile ile. Misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto Ruvu, ikapita kando ya Milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro. Merikani ilipanda kwa njia hiyo. Pembe zilishuka kwa njia hiyo, na watumwa pia wakashuka kwa njia hiyo. Mali iliyojenga majumba ya Shangani, Malindi na Hurumzi ilibebwa juu ya mabega ya watu wa bara. Kwa hiyo sisi tulio chini ya Milima ya Upare tukizungumzia milango ya Unguja, hatudukizi katika mazungumzo ya wengine. Tunazungumzia mali ambayo jasho la wazee wetu limo ndani yake.

Maana Unguja nayo ina nyumba zake zinazovuta umati, na pambo lake si la usiku mmoja. Ni mlango. Tajiri wa karne ya 19 alipojenga, desturi ilikuwa kuutengeneza mlango kwanza kisha nyumba ikafuata. Fundi alichagua msaji au mbao nyingine ngumu, akachonga miimo miwili, kizingiti cha juu, na mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango. Juu ya kizingiti mara nyingi paliandikwa aya ya Kurani. Miimoni palipanda mnyororo, mawimbi, samaki, mtende na ua la yungiyungi. Wafanyabiashara wa Kihindi walileta milango yenye misumari mikubwa ya shaba, ambayo husemwa kwamba asili yake ni kuzuia ndovu wa vita kule Bara Hindi. Mafundi wa Unguja wakaichukua, ingawa hapakuwa na ndovu wa kubisha hodi katika vichochoro vya Kiponda. Mlango ulimtambulisha mwenyeji kabla hajafunguliwa mgeni.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni waliozuru Visiwa mwaka 2023 walizidi 600,000, na walio wengi kati yao hupitia Mji Mkongwe walau kwa siku moja. Huko hutembezwa kwa makundi, wakasimama mbele ya mlango huu na ule, wakapiga picha. Mlango ule una mwenyewe. Nyuma yake yupo mama anayetaka kutoka kwenda sokoni, yupo mzee anayetaka kuketi barazani kwake bila kugeuzwa sehemu ya picha, na wapo watoto wanaosoma chuoni. Kundi moja likiondoka, jingine linakunja kona.

Tunao msemo usemao, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunauamini. Lakini msemo huu ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa matokeo. Je, mwenyeji huyu amepona? Mwenye hoteli amepona. Mwenye duka la vinyago amepona, na mwenye gari la kukodi hali kadhalika. Serikali hukusanya kodi na ada mahotelini, bandarini na katika uwanja wa ndege. Lakini mjane anayekaa nyuma ya mlango unaopigwa picha mara mia kwa siku, ambaye boriti za dari yake zimeoza na chokaa ya ukuta wake inamomonyoka, amepata nini? Aghalabu hapati kitu. Hata mafuta ya kuupaka ule mlango usiliwe na jua la kaskazi hununua mwenyewe. Ikiwa nyumba ni ya Serikali au ya wakfu, naye ni mpangaji tu, hana hata uwezo wa kuamua.

Matokeo yake tunayaona. Mwenye uwezo huhama akapangisha nyumba kwa wageni. Asiye na uwezo hukaa mpaka nyumba imwangukie. Mwingine, kwa shida, huuza mlango wenyewe, na mlango uliokaa miaka 100 Mkunazini hugeuka pambo la ukumbi katika nchi ya watu. Mji wenye milango bila ya wenyeji ni sawa na sanduku zuri lisilo na nguo ndani. Mgeni mwenyewe, siku atakapogundua kwamba nyuma ya kila mlango yumo mgeni mwenziwe, hatakuwa na sababu ya kurudi.

Wala tusijidanganye kwamba uzuri hujitunza. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya pwani nzima ya Afrika Mashariki, na halikuwa mali ya mjane bali la Serikali. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Ikiwa jumba lililojulikana ulimwenguni kote liliweza kufika hapo, tunatazamia nini kwa nyumba ya ghorofa mbili iliyo ndani ya kichochoro, ambayo haina mwenye kuililia?

Katika Milima ya Upare upo utaratibu wa kale ambao tunaona unafaa kutafakariwa na wakuu wa Visiwani. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji ya vijito usiku, kisha yakafunguliwa mchana ili mashamba yanyweshwe kwa zamu kupitia mifereji. Kwa watu wa milimani ndiva ni uhai. Na kwa mtu wa tambarare kavu kama ya Kwakoa, anayeyatazama mawingu yakimwaga mvua milimani yakamwacha yeye, hakuna haja ya kuhubiriwa thamani ya maji. Lakini ndiva hujaa matope, na mfereji huziba kwa majani. Nani husafisha? Hasafishi yule ambaye shamba lake limepakana na ndiva peke yake. Huitwa msaragambo, kazi ya wote, na kila anayepata maji hutoka na jembe lake. Aliyekwepa bila sababu aliadhibiwa kwa mujibu wa desturi. Haikuwa sadaka wala hisani. Ilikuwa ndiyo bei ya maji.

Sisi tunasema kwamba Mji Mkongwe ni ndiva. Wanaoteka ni wengi mno: mashirika ya utalii, mahoteli, waongozaji wageni, wauza picha na Hazina ya Serikali. Wanaosafisha ni wachache, na walio wengi kati yao ni maskini. Mlango ni wa mtu, lakini uzuri wake umekuwa wa wote. Basi na gharama yake iwe ya wote. Wahenga hawakuishia katika ule msemo wa mgeni njoo. Walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Utalii hauko katika siku yake ya kwanza wala ya pili tena. Umekaa nasi miaka mingi, na wakati wa kumpa jembe umewadia.

Lipo pia jambo la usalama, ambalo halina mzaha. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022 vijana wa Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, walimiminika katika mtaa wa Itaewon kwa ajili ya hiyo hiyo Halloween. Hapakuwa na mwandalizi, wala tiketi, wala lango. Kila mmoja alikuja kwa hiari yake kutazama na kutazamwa. Katika kichochoro kimoja chembamba chenye mteremko watu walisongamana mpaka hewa ikakosekana, na watu 159 wakafa. Saa kadhaa kabla ya maafa watu walikwisha kupiga simu polisi wakionya. Ilipotafutwa sababu, moja kubwa ilikuwa hii, kwamba kwa kuwa umati haukuwa na mwandalizi, kila mkuu alidhani si wake.

Tuvitazame vichochoro vyetu. Vipo ambavyo watu wawili wakikutana hapana budi mmoja aelekee ukutani ampishe mwenziwe. Siku za Sikukuu ya Idi, siku za Sauti za Busara, ambayo ilianza mwaka 2004, na siku meli kubwa ya watalii inapotia nanga, mji huo hupokea watu kuliko ulivyojengewa. Hatutabiri mabaya. Tunasema tu kwamba umati usio na mwandalizi bado una mwenyeji, na mwenyeji huyo ni Serikali.

Tunajua hoja zitakazotolewa dhidi yetu. Wapo watakaosema kwamba tukimtoza mgeni atakimbia. Jibu lilikwisha kupatikana. Tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kumtaka kila mgeni wa kutoka nje ya nchi alipe dola 44 kwa ajili ya bima, na ndege hazikuacha kutua. Mgeni aliyelipa nauli ya kuvuka bahari hashindwi na bei ya kopo la mafuta ya mlango, ilimradi aelezwe fedha zake zinakwenda wapi. Wengine watasema kwamba kuhifadhi ni kazi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na kwamba imekwisha kufanya mengi. Ni kweli imefanya mengi. Lakini mamlaka yenye sheria nyingi na fungu dogo hugeuka mzee wa kukataza tu: usibomoe, usipake rangi hii, usiweke dirisha lile. Mwananchi akisikia makatazo kila siku asione msaada hata mara moja, huanza kuiona sheria kama adui wa nyumba yake.

Wengine watakuja na hoja ya tatu, kwamba majumba yale yalijengwa kwa dhuluma, basi yaachwe yaanguke. Sisi ambao njia ya misafara ilipita kwetu tunaisikiliza hoja hii kwa uzito wake, lakini hatuikubali. Nyumba ikianguka haimwangukii tajiri aliyekufa zamani. Humwangukia mwananchi aliye hai. Na ushahidi wa jasho la waliobeba pembe hautunzwi kwa kifusi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wakuu wa Serikali. La kwanza, sehemu maalumu ya ada zinazotokana na utalii itengwe kisheria kwa ajili ya kutengeneza nyumba zinazokaliwa na wananchi, na hesabu zake zitangazwe magazetini kila mwaka, mtaa kwa mtaa. La pili, vijana wapelekwe kwa mafundi wa nakshi wajifunze, na walipwe wakati wa kujifunza, kwani mlango usio na fundi umekwisha kufa hata kama bado umesimama. La tatu, makundi ya watembezwao yawekewe kiwango cha idadi na saa, na kila mwongozaji afundishwe kwamba baraza ni sebule ya mtu na kwamba hodi haikufutwa na tiketi. La nne, pawe na mpango wa umati kwa siku zote za mikusanyiko: njia za kuingia na za kutoka, askari wanaovijua vichochoro, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina lake kuwa ndiye mwenye dhamana.

Kwa wananchi wa Visiwani nao tuna neno, kwa heshima. Mlango alioachiwa mtu na babu yake haujafikia kuwa mbao za kuuza. Anayeuza leo atapata fedha za mwezi mmoja na ukuta wenye tundu wa miaka yote. Na wale ambao wamebahatika kufungua maduka na mahoteli ndani ya majumba hayo wasingoje kulazimishwa. Wakumbuke kwamba mgeni haji kwao kwa sababu ya shuka safi tu. Huja kwa sababu njiani alipita mlango wa jirani maskini akausimamia. Wampelekee jirani huyo fundi, chokaa na boriti, kabla ya masika.

Makunduchi wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kila Mwaka Kogwa umati mkubwa hufika kijijini. Hupigana wenyewe kwa magomba, kibanda huchomwa, nyimbo huimbwa, na mgeni hukaribishwa ale, kwa maana desturi yao husisitiza kwamba nyumba isikose mgeni siku hiyo. Lakini kila kitu kina mwenyewe. Wapo wazee wa kuongoza, ipo saa ya kuanza na ipo ya kwisha. Mgeni anajua yuko kwa watu.

Huko Marekani, usiku wa Halloween ukipita, maboga hutupwa na mifupa ya plastiki hurudishwa stoo mpaka mwakani. Sisi hatuna stoo ya kuweka milango. Mvua zote mbili za mwaka huinyeshea, na jua lote la mwaka huipiga. Wakati wa msaragambo ni kabla ndiva haijapasuka. Serikali iitishe, na kila anayeteka aje na jembe lake.